TAHADHARI: Wauza "mkeka wa uhakika" wa langalanga

Kila wikiendi ya Formula 1 ikikaribia, Telegram na WhatsApp hujaa watu wanaouza mikeka (orodha za ubashiri wa kubeti) ya "matokeo yaliyopangwa": mshindi wa mbio, watatu wa juu, hata atakayeweka mzunguko wa kasi zaidi. Wanadai wana mtu wao ndani ya timu. Hawana, na hawamhitaji, maana pesa yao haitoki kwenye mbio.

Mbinu inayonasa wengi ni ya kugawa wateja. Tapeli akiwa na watu 800, anachagua madereva wanne wenye nafasi ya kushinda na kuwapa watu 200 kila dereva. Dereva mmoja akishinda, 200 wanaamini na waliobaki wanazuiwa kimyakimya. Mbio zinazofuata anawagawa tena hao 200, wanabaki 50. Mbio za tatu wanabaki kama 12, ambao wameona kwa macho yao mtu akipatia washindi watatu mfululizo. Hao ndio wanaotajiwa bei kubwa ya "VIP", na ndio watakaomtetea kwa nguvu ukimwita mwizi.

Skrinishoti za ushindi zisikubabaishe. Tarakimu za salio na za mkeka kwenye ukurasa wowote hubadilishwa ndani ya kivinjari chini ya dakika moja, bila utaalamu wowote. Kwenye chaneli, ubashiri uliokosea hufutwa, na ujumbe wa zamani huhaririwa baada ya mbio kwisha huku ukibakia na saa yake ya asubuhi. Telegram huweka alama ya kuhaririwa karibu na saa hiyo. Itafute.

Kuna na yule asiyetaka hata senti, anakuomba tu ujiandikishe kwa linki yake. Huyu ni wa kumwogopa zaidi. Kampuni nyingi za kubeti humlipa mwenye linki asilimia ya kile wateja wake wanachopoteza. Mkeka wako ukichanika, yeye anaingiza. Ndiyo maana mikeka yake ni mirefu, madereva sita au saba kwa pamoja. Chukua "nani atamaliza mbele ya mwenzake", odds (namba inayozidisha dau lako ukishinda) 1.85 kila upande. Gawa 1 kwa 1.85 unapata asilimia 54. Pande mbili jumla ni 108, na hiyo 8 ya ziada ni ya kampuni. Ukiunganisha machaguo saba, unakatwa mara saba.

Wakibanwa, huleta habari ya Singapore 2008 kama ushahidi kwamba mbio hupangwa. Ni kweli Nelson Piquet Jr. aligongesha gari ukutani kwa makusudi ili mwenzake wa timu ya Renault, Fernando Alonso, anufaike. Lakini Alonso alianzia nafasi ya 15, na njia yake ilifunguka zaidi pale Felipe Massa aliyekuwa anaongoza alipoondoka sehemu ya timu yake ya kujazia mafuta akiburuza mpira wa kujazia. Yaani hata waliopanga ajali hawakuwa na hakika ya mshindi. Wa kwenye Telegram ataipata wapi?

Au angalia Ubelgiji 2024. George Russell alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza, akapanda jukwaani. Baadaye gari lake likakutwa na kilo 796.5 wakati kiwango cha chini mwaka huo kilikuwa 798, akaenguliwa, ushindi ukaenda kwa Lewis Hamilton. Hapa tapeli ana mwanya mwingine: kampuni nyingi hulipa kwa matokeo ya jukwaani, nyingine zina masharti yao, na yeye atadai amepatia upande wowote uliotokea. Soma masharti ya kampuni yako kabla ya kuweka dau.

Programu za "kutabiri" mbio za kompyuta (zisizo na madereva halisi) ni uongo mtupu. Mbio hizo huamuliwa na namba za bahati nasibu, hakuna mfumo wa kuusoma kwa nje. Programu nyingi za aina hiyo husambazwa kama faili la kupakua nje ya duka rasmi, kisha zinaomba ruhusa ya kusoma SMS. Ukikubali, namba za siri za kuthibitisha miamala zinasomwa na mwingine.

Na tovuti feki za kubeti? Salio lako linapanda vizuri sana hadi siku ya kutoa, ndipo unaambiwa utume kwanza "kodi" au "ada ya kufungua akaunti". Makato halali hukatwa kwenye salio lililopo. Ukituma, ada nyingine inazuka.

Ukitaka kumpima muuzaji, mwambie akupe ubashiri wa mbio tano, kila mmoja kabla ya taa za kuanzia kuzimika, nawe uuhifadhi mwenyewe bila kubeti. Kisha umwambie akate malipo yake kwenye ushindi, si kabla. Wengi hukata mawasiliano hapohapo.

Kama umeshatuma pesa, piga mara moja kwa benki au mtandao wa simu uliotumia uombe muamala uzuiwe. Kama ulipakua ile programu ya kutabiri, ifute kwanza, kisha badili nywila kwa kutumia simu nyingine. Hifadhi mazungumzo yote kabla tapeli hajayafuta, upeleke polisi. Halafu jiandae: ndani ya siku chache atakutafuta "mtaalamu wa kurejesha pesa" anayejua hadi kiasi ulichopoteza. Amekijuaje? Ni yuleyule, au ameuziwa namba yako naye.