Windows 11 kwa desktopu ya zamani, mimi nimekataa

Hii ni ya wale wako na zile desktopu za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) tulizonunua tao bei poa na bado zinadunda. Yangu ni i5 ya jenereshoni ya 4, ramu 8GB, na tangu Microsoft waache kuipa Windows 10 apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 kila mtu ananiambia niweke 11.

Shida ni kwamba 11 inataka Intel ya jenereshoni ya 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0, yangu iko na 1.2. Duka moja Luthuli, Nairobi, jina naliacha, jamaa akasema lete thao tatu boss nakuwekea sai sai. Kuingia itaingia, hata Rufus, programu ya kuandaa flashi ya Windows, inaruka huo ukaguzi bure, lakini Microsoft wenyewe hawaahidi mashine kama hizo apdeti, na nilipomuuliza zikigoma nifanyeje akaanza kunionyesha laptopu za kuuza. (Mwenye Core 2 Duo usijisumbue, toleo la 24H2 la Windows 11 haliwaki humo kabisa.)

Kitu ilinisaidia ni SSD, ile diski ya kasi. Fundi wa ghorofa ya juu kwa jengo la lile duka alihamisha kila kitu kutoka diski ya zamani, picha na mafaili ya chama zote ziko, akanifungulia Task Manager, ile inaonyesha vile mashine inafanya kazi, nijionee: kwanza diski ilikuwa imekwama 100% na sijafungua hata kitu, sasa imetulia kule chini, na ile kuiwasha halafu unaenda kupika chai imeisha. Nampa nyota nne, ya tano nimemnyima juu alinikalisha hadi matatu za Rongai zikapandisha fea.

Windows 10 nimebaki nayo na zile apdeti za ziada za usalama, unaingia na akaunti ya Microsoft, unakubali bakapu ya setingi, na ni bure hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ukikataa bakapu ni dola 30.

Linux Mint, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, nimeijaribu kwa flashi bila kufuta chochote. eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ilifunguka, printa ikajitambua yenyewe, ila LibreOffice, programu yake ya kuandikia, ilivuruga majedwali ya Word ya kazi na mke wangu hataki hata kuisikia, so bado iko kwa droo.

Kama yako ni jenereshoni ya 8 kwenda juu na bado inakataa 11, angalia BIOS kwanza (zile setingi za mashine kabla Windows haijawaka), saa zingine TPM iko tu imezimwa, iwashe na usilipe mtu.