Nesi aliyeniomba nitoke nje: uzoefu wangu wa kumleta mama kupimwa Mwanza

Mama yangu ana umri wa miaka 67 na anaishi katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa upande wa Sengerema, ambako kwa miaka mingi amekuwa akinunua dagaa mwaloni, akiwaosha na kuwaanika kabla ya kuwauza. Mwaka huu alianza kulalamika kwamba anachoka hata kwa kazi ndogo na kwamba nguo zake zinampwaya. Zahanati alikuwa amekwenda mara mbili, akisindikizwa na mdogo wangu wa kiume. Mara ya kwanza alipimwa malaria na hakukutwa nayo. Mara ya pili katika daftari lake waliandika presha 168/94 na kumwambia kwamba huenda akahitaji kuanza dawa. Tukakubaliana avuke aje kwangu Mwanza ili aangaliwe vizuri zaidi.

Hospitali niliyompeleka sitaitaja, kwa kuwa yapo mambo ambayo sikuridhika nayo, na pia kwa sababu ninachotaka kueleza ni kazi ya wauguzi wenyewe: namna wanavyompima mgonjwa, wanavyomuuliza na wanavyoandika majibu yake kabla hajafika kwa daktari. Kabla ya siku hiyo nilidhani sehemu hiyo ni ya kupita tu, mahali pa kupandia mzani na kufungwa mkanda wa presha huku ukisubiri matibabu yenyewe.

Tulivuka na kivuko cha asubuhi cha Kamanga, upepo wa ziwa ukiwa mkali, na kutoka hapo tulipanda kilima kwa miguu kwa sababu mama alikataa kupanda bodaboda. Mapokezi walituandikisha bila usumbufu. Katika chumba cha vipimo vya awali tulimkuta nesi wa makamo, ambaye aliposikia lafudhi ya mama alimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na mama, ambaye tangu kivukoni alikuwa amenyamaza, akainua uso na kuitikia.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakumpima mara moja. Alimuuliza tumefika kwa njia gani, na nilipomweleza kuhusu kile kilima, alisema kwamba presha ya mtu aliyetoka kupanda mlima haisemi ukweli. Akamwonyesha mama choo kilipo, akieleza kwamba hata kibofu kilichojaa hupandisha presha, kisha akamketisha kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, mkono umelazwa mezani sawa na usawa wa moyo, akamwacha apumzike dakika tano. Mimi nilianza kumsimulia mama habari za nyumbani ili asichoke kusubiri, na nesi akaniomba kwa upole ninyamaze, kwa kuwa kuzungumza nako huongeza kipimo. Mama alikuwa na sweta, na nesi alimsaidia kutoa mkono mmoja badala ya kufunga mkanda juu yake. Alichagua mkanda kulingana na unene wa mkono, akieleza kwamba mkanda mdogo kuliko mkono hutoa namba kubwa kuliko presha halisi. Akapima mikono yote miwili, na baada ya dakika moja hivi akarudia ule uliokuwa na kipimo cha juu zaidi. Ilianza 148/86, ikaishia 142/84.

Ninazitaja namba hizi kwa makusudi, kwa sababu mpaka wa presha ya juu unaotumika hospitalini ni 140/90, na kati ya 168 ya zahanati na 142 ya siku ile kuna tofauti inayoweza kubadilisha uamuzi wa kumwanzishia mtu dawa atakazomeza maisha yake yote. Nilipomuuliza mama, aliniambia kwamba kule alipimwa akiwa ndiyo kwanza ameingia, amevaa koti, huku mhudumu akimuuliza maswali. Simlaumu mhudumu yule, kwa kuwa najua foleni ya zahanati inavyokuwa siku ya kliniki ya watoto, lakini namba iliyopatikana kwa haraka ilikuwa imeandikwa daftarini kwa wino uleule ambao ungetumika kuandika namba sahihi, na hakuna daktari ambaye angeweza kuzitofautisha.

Vipimo vingine vilifuata kwa utaratibu huohuo. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu kilisoma asilimia 88, nami nikashtuka, lakini nesi alimshika mama vidole, akaona ni vya baridi kwa upepo wa kivukoni, akavipasha joto katikati ya viganja vyake na kupima upya: asilimia 97. Kisha alimshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo ya moyo, na baada ya kumaliza aliendelea kukishikilia bila kusema neno. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba wakati ule alikuwa anahesabu pumzi kwa dakika nzima, na kwamba mgonjwa hapaswi kujua, maana mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha namna anavyopumua. Pumzi zilikuwa 18, ndani ya kiwango cha kawaida cha mtu mzima, ambacho ni kati ya 12 na 20. Mapigo yalikuwa 104, juu kidogo ya 100, naye akayaandika na kuyapigia mstari. Akavuta chini ukope wa jicho la mama, akaangalia wekundu wa ndani, akatazama na viganja, kisha akaandika neno ambalo sikuliona.

Mzani ulisoma kilo 52. Angeweza kuishia hapo, lakini aliomba madaftari yote ya zamani, na mama akatoa kwenye kikapu madaftari matatu yaliyofungwa kwa kitambaa. Katika mojawapo alikuta kilo 57, za miezi minane iliyopita. Mimi niliyekuwa nikiwasiliana na mama kwa simu kila wiki sikujua kwamba amepungua kilo tano.

Ndipo yakaja maswali, na hapa nataka kueleza kwa kirefu kwa sababu mwenye kosa nilikuwa mimi. Kila nesi alipouliza, nilijibu. Anakula vizuri? Anakula, nikasema. Anaumwa tumbo? Wakati mwingine, kama watu wote. Choo kikoje? Kawaida. Nilidhani ninamsaidia, maana mama anakijua Kiswahili cha sokoni lakini habari za mwili wake huzisema kwa Kisukuma. Nesi alisikiliza majibu matatu au manne ya namna hiyo, akaweka kalamu chini na kuniambia, "Kaka, naomba utusubiri nje kidogo. Nikikuhitaji nitakuita." Nilitoka, lakini sikufurahi. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, mimi ndiye niliyemleta, na nilijiona kama niliyefukuzwa.

Nilikaa kwenye benchi karibu dakika ishirini. Niliporudishwa ndani, nesi alimuuliza kwanza mama, mbele yangu, kama anaruhusu nielezwe, na mama akatikisa kichwa kukubali huku akiangalia chini. Kwa miezi kadhaa alikuwa anaona damu kwenye choo, pamoja na maumivu ya tumbo ya kuja na kuondoka. Zahanati hakusema kwa sababu alikuwa na mdogo wangu, na kwangu asingesema kwa sababu hiyohiyo: mambo ya chooni mama wa Kisukuma hayasemi mbele ya mwanawe wa kiume. Vijana wake wawili tulimsindikiza kwa mapenzi, na kuwapo kwetu ndiko kulikomfunga mdomo.

Pamoja na hayo, nesi alikuwa amemuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: maji ya kuoga na kuoshea dagaa anayapata wapi, na je, husimama ndani ya maji? Jibu ni ziwani, kila siku, maji yakimfika magotini. Kwa yeyote anayelijua Ziwa Victoria jibu hilo linatosha kuwaza kichocho cha tumbo, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyemo majini. Nesi hakutamka jina la ugonjwa, kwa sababu si kazi yake kulitamka katika hatua ile; aliandika alichoambiwa na mgonjwa upande mmoja, na alichokiona na kukipima yeye mwenyewe upande mwingine, akatupeleka kwa daktari. Daktari alisoma ukurasa ule kwa makini, akauliza maswali mawili tu, akaagiza kipimo cha choo na cha wingi wa damu. Mayai ya kichocho yalionekana, na damu ilikuwa 9.4, yaani pungufu kwa mwanamke.

Dawa ya kichocho hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na ndiyo maana nesi aliyetoa dawa alihakikisha tena zile kilo 52 kabla ya kuhesabu vidonge vitatu na nusu vya miligramu 600, akamtaka mama ale kwanza. Dawa za presha hakupewa. Aliambiwa akapimwe tena siku tofauti, akiwa amepumzika. Daktari pia alisema wazi kwamba kwa umri wake, ikiwa damu haitakoma baada ya matibabu, utumbo utaangaliwa kwa kamera, ili tusidhani kwamba kichocho ndicho sababu pekee.

Sasa nieleze yasiyoniridhisha. Maelezo yaleyale tuliulizwa mapokezi, chumba cha vipimo na maabara, kwa kuwa kompyuta ya maabara haikuonyesha yaliyoandikwa mwanzo, na katika marudio hayo umri wa mama ulibadilika kutoka 67 kuwa 76 hadi nilipowasahihisha. Nesi yuleyule aliyefanya kazi nzuri namna ile ilimbidi aandike kwenye kompyuta, kisha aandike tena kwenye kitabu kikubwa cha MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, ambacho kila mwezi hujumlishwa ili taarifa ipelekwe wilayani. Taarifa hizo ndizo zinazoonyesha kichocho kiko wapi na dawa zipelekwe wapi, kwa hiyo siombi ziachwe. Naomba mtu mwenye wagonjwa hamsini nje ya mlango asilazimike kuandika jambo moja mara mbili.

Lililoniumiza zaidi lilitokea dirisha la maabara. Mhudumu aliita jina la mama kwa sauti na kufuatisha aina ya kipimo, watu wote wakisikia. Baada ya nesi kumtoa mwanawe chumbani ili kulinda siri yake, siri hiyo ilitangazwa kwenye korido. Tangu Mei 2023 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zimehesabiwa humo kuwa nyeti; lakini hata bila sheria, mama aliinamisha kichwa na kujifunika kanga, nami sitaisahau sura yake wakati ule. Nililipeleka jambo hilo kwa msimamizi wa wauguzi, ambaye alinisikiliza na kuandika malalamiko yangu.

Baada ya wiki sita tulirudi. Nesi alikuwa mwingine, kijana zaidi, lakini alikuwa ameshasoma ukurasa wa mwenzake kabla hatujaketi, kwa hiyo hakuanza upya: alimpumzisha mama, akapima 136/82, akampandisha mzani uliosoma kilo 54, kisha akanitazama. Sikungoja kuambiwa, nikatoka mwenyewe. Damu ilikuwa imekoma. Dirisha la maabara safari hii walitumia namba badala ya majina, ingawa sijui kama ni kwa sababu ya malalamiko yangu.

Kwa wenye wazazi wa kando ya ziwa, ningewashauri waje na madaftari yote ya zamani, wamwache mzazi apumzike kabla ya kupimwa, na wasione vibaya wakiombwa kusubiri nje. Mama alielekezwa na nesi yule wa pili kwamba maji ya ziwani yakikaa kwenye chombo siku mbili bila kuguswa, vile vimelea hufa na maji yanafaa kuogea. Nyumbani kwake sasa kuna mapipa mawili mlangoni, moja limefungwa kitambaa chekundu, na wajukuu hawaruhusiwi kuchota kwenye hilo hadi yeye mwenyewe alifungue.