Thauri au Akarabu: uanze na buruji ipi?

Buruji ni makundi ya nyota: Akarabu ni la nge, Thauri ni la fahali. Kwa urahisi wa kuitambua, Akarabu inashinda. Ni nge kabisa: mkia umejikunja, mwiba wake ni nyota mbili zilizobanana, na kifuani inawaka nyota ya Antares, nyekundu kama kaa la moto. Wagiriki waliiita mpinzani wa sayari ya Mirihi kwa wekundu huo. Thauri inataka subira. Fahali mzima haonekani. Utaona uso wenye umbo la V na jicho la rangi ya chungwa, nyota ya Aldebaran, jina la Kiarabu lenye maana ya "afuataye", kwa kuwa huifuata Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota.

Kwa hadithi, Wagiriki wanasema nge alimuua mwindaji Orion, ambaye naye ni kundi la nyota, ndiyo maana mmoja akichomoza mwenzake huzama. Fahali ni Zeus, mungu wao mkuu, aliyembeba binti mfalme Europa hadi kisiwa cha Krete. Lakini Kilimia imo ndani ya Thauri, na wazee wetu walilima kwa kuitazama: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Hapo moyo wangu uko kwa Thauri. Ukiwa na darubini ndogo ya mkononi, zile nyota sita za Kilimia huwa makumi.

Gharama hakuna kwa zote mbili.

Basi tazama kalenda yako. Ikiwa ni Julai, wakati wa kipupwe, toka saa mbili usiku ugeukie kusini mashariki: Akarabu iko juu. Ikiwa ni Januari, saa hiyohiyo, inua uso karibu na utosi, kaskazini kidogo, utafute Kilimia kwanza.