Mafuta ya shea kutoka Uganda Kaskazini: kwa ngozi kavu, nachagua haya

Baridi ya Julai hapa Arusha hukausha miguu mpaka inapauka. Kwa visigino na viwiko sijapata kinachozidi mafuta ya shea, yatokanayo na kokwa za mti wa shea, yasiyosafishwa, kutoka upande wa Lira, Uganda. Nanunua kwa mama anayeuza mafuta ya asili sokoni, kwenye kopo la plastiki lisilo na nembo.

Shea ya Uganda na Sudan Kusini si sawa na ile ya Ghana au Burkina Faso. Mti wa Afrika Mashariki ni wa aina ya nilotica, na mafuta yake yana asidi ya oleiki (aina ya mafuta isiyoganda upesi) nyingi zaidi. Ndiyo maana ni laini, yanayeyuka kiganjani papo hapo. Ya Afrika Magharibi huwa magumu, lazima uyasugue kwanza mikononi. Rangi ni manjano hafifu, harufu kama ya karanga zilizokaangwa. Yakinuka uchachu, usinunue.

Paka mara tu utokapo kuoga, ngozi ikiwa na unyevunyevu, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi. Kidogo kinatosha, ukizidisha, nguo zinashika madoa. Mwanangu nampaka mashavuni na midomoni. Usoni kwangu, penye chunusi, siyaweki. Wala hayachukui nafasi ya krimu ya kuzuia jua, hata muuzaji akiapa.

Bei inazidi ya mafuta ya mgando, ila kopo linadumu.