Waranti ya nyongeza ya motohomu: sikieni kwanza nilivyojibiwa

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kungoja ipoe. Ninyi mnaoishi Marekani na mnaopiga hesabu za kununua motohomu, lile gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani, jueni kwamba mtauziwa na waranti ya nyongeza juu yake, yaani mkataba wa kulipiwa matengenezo kifaa kikiharibika. Habari za urefu wa gari na ukubwa wa matangi ya maji mtazipata popote. Mimi nina jambo moja: siku kitu kinapokufa mko njiani, nani anaipokea simu yenu, na anawasemesha vipi.

Gari letu tulilitoa kwenye yadi moja huku Texas, si mbali na Dallas. Lilikuwa limeshatumika, nyumba yake imejengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini, ya Ford E-450, na injini yake mpaka leo haijanipa shida. Mimi ni dereva wa malori, injini naisikiliza tu nikajua hali yake. Tulishaelewana bei, tumeshapeana mikono, ndipo tukaingizwa chumba cha nyuma kwa mtu wa mikopo. Waranti inauzwa humo. Kijana mpole, kahawa mezani, anatuonyesha kwenye karatasi bei ya kiyoyozi cha juu ya paa, bei ya jenereta, bei ya jaki, bei ya friji. Kimoja tu kikiharibika, anasema, pesa yenu imerudi. Halafu akaisokomeza bei ya ule mkataba, zaidi ya dola 6,000, ndani ya mkopo wa gari, ikawa inaonekana ni dola chache tu kwa mwezi. Kwamba na yenyewe itatozwa riba miaka yote ya mkopo, hilo hakulitia mdomoni.

Wala hakutueleza kwamba yadi ikishakuuzia, imemaliza kazi yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975, ile ya Magnuson-Moss, inatofautisha waranti inayokuja ndani ya bei ya kitu na mkataba wa huduma unaoulipia kando. Hiki cha kwetu ni mkataba wa huduma. Yadi inauza, kampuni nyingine inashughulikia madai, na nyuma yake mara nyingi ipo kampuni ya bima inayobeba mzigo. Ukirudi yadini na friji iliyokufa, yule kijana wa kahawa anakupa namba ya simu na kukutakia siku njema. Na fundi hawezi kugusa skrubu mpaka apewe idhini na watu wa namba hiyo. Akitengeneza kwanza, hulipwi. Akifungua vitu ili autafute ugonjwa, na wao wakaamua mkataba hauuhusu, saa zake za kufungua unazilipa wewe.

Sasa nije kwenye yenyewe.

Kiangazi cha mwaka juzi mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga kututembelea, tukaamua kumpeleka kuiona Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona. Tukashika barabara kuu ya I-40, tukaiacha Amarillo, tukaingia New Mexico, tukalala Tucumcari. Asubuhi mke wangu akafungua friji kutoa maziwa, akarudi nyuma ameziba pua. Harufu kali, ya kutoa machozi. Ilikuwa amonia. Nikafunga gesi, tukafungua madirisha yote, nikawatoa watu nje.

Ndani ya ile friji kulikuwa na nyama na samaki, hivyo havinipi taabu. Kulikuwa pia na insulini ya mama. Ana kisukari, na alikuwa amebeba dawa ya safari yake nzima. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8 za Selsiasi, na ikiganda imeharibika, kwa hiyo huwezi kuitupa tu juu ya barafu. Mke wangu aliifunga kwenye kanga, akaiweka kwenye kisanduku cha barafu na taulo katikati, akawa anaikagua kila mara. Nje jua la New Mexico linachoma.

Fundi tulimpata, mzee mmoja anayezunguka kwenye kambi na gari lake la vifaa. Alifungua kile kifuniko cha nje nyuma ya friji, akanimulikia tochi. Bomba lina utandu wa manjano kwenye sehemu ya kuchomelea, na kutu pembeni yake. Akanieleza kwamba ile rangi ya manjano ni dawa ya kuzuia kutu inayozunguka ndani ya mabomba pamoja na amonia, na ukiiona nje ujue bomba limetoboka. Hakuna kuziba. Ni kubadilisha mfumo mzima wa kupozea, au friji yote. Akaifunga, akasema kwa adabu kabisa, "Bwana, piga simu kwanza. Mimi siwezi kuendelea."

Ilikuwa Ijumaa. Nikapiga, nikasikilizishwa muziki mpaka simu ikawa ya moto mkononi, mwisho akapokea mwanamume mmoja. Niliweka spika ili mke wangu asikie. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yetu, na binti yetu amesimama nyuma yake.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama gari lilikuwa limesimama sawasawa, halijainama. Swali hilo ni la haki na nitamtetea kwa hilo. Friji ya namna hii haina kompresa. Moto mdogo wa gesi, au hita ya umeme, unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Mvuke unapanda, unapoa, kisha majimaji yanarudi chini kwa uzito wake mwenyewe. Gari likikaa limeinama muda mrefu na friji inawaka, majimaji hayateremki, sehemu ya kuchemshia inaungua, mabomba yanaanza kuziba kwa ndani, na dhara hilo halifutiki hata ukilisimamisha gari vizuri kesho yake. Basi na aulize. Nikamjibu kwamba gari lina jaki za kujisawazisha, na tukifika mahali pa kulala nazishusha kabla mtu hajafungua mlango.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Una hakika unajua kulisawazisha gari la aina hii?"

Nikamwambia ninaendesha malori kwa kazi. Fundi yuko hapa, nikasema, na ameona bomba lililotoboka, ongea naye. Akakataa kuongea na fundi. Akaniuliza tena lile lile, safari hii polepole, neno moja moja, kama mtu anayesemesha mtoto mgonjwa. Ndipo akamalizia: "Kuna mtu mwingine hapo nizungumze naye? Mtu anayejieleza vizuri zaidi?"

Kiingereza changu hicho hicho ndicho ninachoongea na askari wa barabarani, na watu wa mizani, na mabohari ya majimbo yote ninakopeleka mizigo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba apewe mtu mwingine. Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa Texas, alinyoosha mkono apewe simu. Alitaka kunisaidia, maskini. Nikamwambia hapana, mwanangu, hii nitaimaliza mimi.

Mama haelewi Kiingereza lakini sauti anaielewa. Akaniuliza, "Baba, huyo anakugombezea nini?" Nikamwambia, "Hatugombani mama, tunaelewana tu." Nimemdanganya mama yangu mkwe kwa ajili ya mtu nisiyejua hata jina lake, maana nilipomuuliza jina alinipa namba ya madai.

Nilimtajia insulini. Akasema vitu vilivyomo ndani ya friji haviko kwenye mkataba. Ni kweli, haviko, nimesoma. Hasara inayofuata baada ya kifaa kuharibika huwa haimo katika mikataba hii, iwe chakula, hoteli au dawa. Lakini sikuwa namdai pesa ya insulini. Nilimwambia ili ajue kwamba hapa yupo mgonjwa, afanye haraka. Akaniagiza nitume picha, jibu litatoka Jumatatu kwa sababu wikiendi idara ya madai haifanyi kazi. Watu wanasafiri na motohomu siku gani, kama si wikiendi?

Jumatatu jibu lilikuja. Wamekataa. Na sababu sasa haikuwa tena kuinama kwa gari! Ilikuwa kutu. Kutu na uchakavu haumo kwenye mkataba. Ijumaa nilikuwa mtu nisiyejua kuegesha, Jumatatu bomba lilikuwa limechakaa lenyewe. Kama tatizo ni kutu, lile swali alilonirudia mbele ya familia yangu lilikuwa la nini?

Wakati huo tulikuwa Albuquerque. Nilikuwa nimenunua friji ndogo ya volti 12, zile wanazotumia madereva wa malori ndani ya kebini, na insulini ikapona. Mama akasema turudi nyumbani, asingependa kuwa mzigo. Tulimbembeleza, hakukubali. Siku zake za kukaa zilikuwa zinakwisha, akarudi Tanga bila kuiona Grand Canyon. Hili ndilo linaloniuma, na hakuna kifungu cha mkataba kinacholigusa.

Nisiwe mtu wa kusema upande mmoja. Mkataba huo huo, kabla ya safari ile, ulilipia kiyoyozi cha paa bila maneno. Simu moja, idhini ikatoka, nikatoa dola 200 zangu za mwanzo, zile ninazotakiwa kujilipia kabla wao hawajalipa, kama tulivyokubaliana, wao wakalipa kilichobaki. Mke wangu hunikumbusha hilo kila nikianza kufoka, na ana haki. Hata friji yenyewe hatimaye waliilipia kwa sehemu. Nilipeleka malalamiko kwenye idara ya serikali ya Texas inayosimamia leseni na udhibiti, kwa sababu hapa Texas kampuni zinazotoa mikataba hii lazima zisajiliwe huko, nikaambatanisha maelezo ya yule fundi mzee kwa maandishi yake. Haukupita muda mrefu akanipigia mama mmoja, msimamizi, mtu mstaarabu sana. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kuvuja kwenye sehemu ya kuchomelea ni hitilafu, na madai yangefaa kulipwa. Wakalipa mfumo wa kupozea. Saa za fundi wakalipa kwa kiwango chao, na kiwango chao kilikuwa chini mno ya dola 180 kwa saa alizotutoza karakana, tofauti nikaibeba mimi.

Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuandika hapa kwamba nunua, ila soma kwanza. Ningewaambia tafuteni ule mkataba unaoorodhesha visivyolipiwa, kwamba chochote kisichotajwa humo kinalipiwa, na muuepuke ule unaoorodhesha vinavyolipiwa, maana huo wa pili ukikuta kipande chako hakikutajwa, imekula kwako. Ningewaambia muulize kama ile pesa ya mwanzo inatolewa mara moja kwa kila safari ya gereji au kwa kila kifaa. Muulize kiwango cha juu cha saa ya fundi. Piga namba ya madai kabla ya kusaini, Ijumaa alasiri, uone anayepokea. Yote hayo ni kweli na bado nayasema.

Lakini kila nikifika hapo naikumbuka ile sauti, naona mkono wa binti yangu umenyooshwa. Yule mama mstaarabu alinipa pesa kwa sababu nililalamika serikalini. Wangapi wanaoongea kama ninavyoongea mimi waliambiwa walete mtu mwingine kwenye simu, wakakata, wakalipa wenyewe? Wapo Wakenya, Wakongo, Watanzania wenzangu wanaonunua magari haya sasa, tunaonana kwenye kambi. Mimi siwezi kuwaambia wampe mtu yule dola 6,000. Msinunue. Pesa hiyo wekeni kwenye akaunti yake peke yake, friji ikifa mnaichomoa bila kumwomba mtu idhini. Mwenye gari kubwa la dizeli, lenye kila kitu cha umeme, labda hesabu yake ni nyingine, na sitabishana naye. Ila mwenye gari kama langu, hapana.

Mkataba wangu nimeubatilisha. Ukibatilisha ndani ya siku 30 za mwanzo sheria ya Texas inakurudishia pesa yako, wakitoa tu madai waliyokwisha kulipa. Baada ya hapo unarudishiwa ya muda uliobaki tu, nayo vilevile hupunguzwa kwa madai yaliyolipwa. Na kama gari bado lina mkopo, msingoje hundi nyumbani. Yetu ilikwenda benki moja kwa moja, ikapunguza deni, na malipo ya kila mwezi yamebaki pale pale.

Nimewaandikia tena barua watu wa madai. Pesa sitaki. Nimeomba jina la yule bwana, na nimeomba amwandikie mama mkwe wangu radhi, mke wangu ataifasiri. Hawajajibu.