Mtambo wa kupokea simu kiotomatiki ofisini: upi ununue

Muuzaji akija, ataanza kukusikilizisha menyu: "Kwa mauzo, bonyeza 1." Isikubabaishe, kwani menyu kila mtambo unayo. Muulize mambo mawili: unabeba simu ngapi kwa wakati mmoja, na simu huishia wapi kama hakuna aliyeipokea?

Hesabu ya njia, yaani nafasi za simu zinazobebwa kwa wakati mmoja, ndiyo inayowaponyoka wanunuzi wengi. Mpigaji anayesikiliza menyu amekalia njia moja. Akihamishiwa kwenye simu ya mkononi ya mfanyakazi aliye nje, sasa amekalia mbili: ya kuingilia na ya kutokea. Kwa hiyo ofisi yenye laini mbili, ambayo watu wake hushinda nje, inahudumia mteja mmoja tu na wa pili anakuta laini ina shughuli. Kwa ofisi ya watu kumi hivi, anza na njia 4. Kama simu nyingi huenda mkononi, nunua 6.

1. Huduma ya wingu

Kwa ofisi ndogo yenye intaneti ya kuaminika, hii ndiyo ya kwanza. Sababu kubwa ni kwamba menyu na sanduku la ujumbe vinakaa kwa mtoa huduma, si kwako. Umeme ukikatika ofisini, mpigaji bado anasikia salamu na anaacha ujumbe.

Kasi ya intaneti si tatizo kama watu wanavyodhani. Simu moja yenye kodeki (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu tano hazifiki hata nusu megabiti. Kinachoharibu mazungumzo ni ucheleweshaji na pakiti (vipande vya data) zinazopotea. Ukivuka milisekunde 150 kwa upande mmoja, watu wanaanza kukatizana maneno. Kwenye ruta, zima kipengele cha SIP ALG, kinachobadilisha taarifa za simu za intaneti zinapopita. Ndicho mara nyingi husababisha simu ambayo upande mmoja unasikia na mwingine hausikii.

Kabla ya kutia saini, uliza: namba yangu naweza kuhama nayo? Njia zina kikomo? Ujumbe hufutwa baada ya siku ngapi? Sanduku la ujumbe lisilo na simu ya mezani linalipiwa kama mtumiaji kamili? Hilo la mwisho hupandisha bili bila mtu kutambua.

2. Kisanduku cha IP PBX

Hiki hugawa simu za ofisi kupitia mtandao wa kompyuta. Unakinunua mara moja na kinakaa ofisini. Kinafaa pale intaneti inapoyumba au wafanyakazi ni wengi kiasi kwamba ada ya kila mwezi kwa kila mtu inauma. Kama una laini za waya, hesabu matundu ya FXO, yanayopokea laini za kampuni ya simu: laini moja, tundu moja. Usiyachanganye na FXS, ambayo ni ya kuchomeka simu za kawaida au faksi.

Nunua pia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), nayo ibebe kisanduku, ruta na swichi kwa pamoja. Kulinda kisanduku peke yake hakusaidii kitu simu za mezani zikizimika. Swichi ya PoE, inayopeleka umeme kwa simu kupitia waya wa mtandao, ya kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, lakini soma jumla ya wati inazoweza kugawa. Za bei rahisi haziwezi kulisha matundu yote kwa pamoja. Nafasi ya kuhifadhi haisumbui sana: ujumbe wa WAV ambao haujabanwa, wa kilohezi 8 na biti 16, huchukua karibu megabaiti 1 kwa dakika.

Ugonjwa wa mitambo hii kwenye laini za waya ni kutotambua kwamba mpigaji amekata. Mtu anaacha ujumbe wa sekunde kumi, kisha mtambo unarekodi mlio wa "tuu, tuu" hadi kikomo cha muda kifike, na laini inabaki imeshikwa wakati wote huo. Dawa ni kuomba kampuni ya simu iwashe ishara ya kugeuza poli (chanya na hasi za laini kubadilishana) simu inapokatwa, au kuufundisha mtambo mlio wa kukatika wa kampuni hiyo: masafa yake, na urefu wa mlio na wa kimya. Usilipe salio kabla fundi hajakuonyesha: piga, acha ujumbe, kata, kisha tazama laini inachukua muda gani kuachiwa.

3. Kadi ya ujumbe kwa swichibodi iliyopo

Hii huchomekwa kwenye swichibodi, yaani mtambo wa kugawa simu ulio nao tayari. Inafaa tu kama swichibodi bado ni nzima na yuko fundi anayeifahamu. Angalia idadi ya milango ya kadi. Yenye milango 2 huongea na wapigaji wawili tu. Wa tatu anasubiri mlio usiopokewa.

4. Asterisk ya kujisimamia

Programu hii ya kugeuza kompyuta kuwa swichibodi ilianzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ni ya bure, na ukiiwekea FreePBX unaisimamia kwa kivinjari. Kwa uwezo ingeweza kuwa juu kabisa. Imewekwa chini kwa sababu inahitaji mlinzi. Ukiacha mlango wa 5060 (unaopokelea simu za intaneti) wazi kwa dunia nzima, roboti zitaanza kubahatisha nywila bila kukawia, na zikifaulu, bili ya simu za kimataifa ni yako. Ruhusu anwani unazozijua tu, na funga simu za nje usizohitaji. Ukitumia Raspberry Pi, iweke kwenye diski ya SSD. Kadi ndogo ya kumbukumbu huchoka kwa kuandikwa kila mara.

Kuuweka

Anza na namba. Kama ekstensheni (namba za ndani za wafanyakazi) ni 101 na 102 huku mauzo ni 1, mtambo ukipokea 1 haujui kama mpigaji amemaliza, hivyo unangoja sekunde kadhaa za kimya, naye anadhani simu imekatika. Acha menyu itumie 1 hadi 4 na 0 kwa mapokezi, ekstensheni zianze na 6 au 7.

Salamu isizidi sekunde 20. Taja idara kwanza, namba baadaye: "Kwa malipo, bonyeza 2." Ukianza na namba, mtu ataisahau kabla hajajua ni ya nini. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia au nguo, hifadhi kama WAV ya mono, kilohezi 8, biti 16. Faili ya stirio mara nyingi hukataliwa au hutoa kimya.

Asiyebonyeza kitu kwa sekunde 5, mrudie menyu mara moja, kisha mpeleke mapokezi. Usimkatie, huenda vitufe vyake havisikiki. Vikikataa kwa wapigaji wengi, tazama mpangilio wa DTMF, yaani milio ya vitufe. Chagua RFC 2833, inayotuma vitufe kama data nje ya sauti, na ambayo mitambo mingine huiita RFC 4733, pande zote mbili. Milio ikisafirishwa ndani ya sauti, kodeki inayobana kama G.729 huiharibu.

Simu inayoelekezwa mkononi inahitaji uthibitisho wa "bonyeza 1 kupokea". Bila huo, sanduku la ujumbe la mtandao wa simu ndilo litakalopokea, na ujumbe wa mteja utaishia nje ya ofisi. Mezani, iache iite sekunde 20 hivi kabla ya kwenda kwenye ujumbe.

Badilisha namba za siri za masanduku yote, hasa zile zinazofanana na ekstensheni. Mwisho, hakiki saa za eneo kwenye mtambo, kisha piga ukiwa nje ya ofisi mara tatu: saa za kazi, usiku, na siku uliyoisajili kuwa sikukuu.