Ndege ya rimoti ya kwanza: ipi ununue na ipi uachane nayo

Wakuu, watu wakiona ndege ya rimoti inaruka huwa wanauliza bei kwanza, halafu wanauliza na wao wanunue ipi, na ukiwauliza wameshafikiria ipi karibu wote wanakuonyesha Spitfire, ile ndege ya kivita ya zamani, au jeti ya kivita waliyoiona mtandaoni, rangi kali, wako tayari kulipa usiku huohuo. Msilipe kwanza. Raha ya hii kitu ni muda unaokaa hewani, pale unapozima mota juu kabisa na ndege inateleza yenyewe kimya, au unamwona mwewe anazunguka sehemu moja bila kupiga bawa, unaipeleka ndege palepale na yenyewe inaanza kupanda bila mota kwa sababu kuna hewa ya moto inatoka chini, aisee hiyo hisia sijui niifananishe na nini. Na muda wa hewani unaupata kwa ndege ambayo ikianguka leo kesho asubuhi inaruka tena. Itaanguka tu, ya kila mtu inaanguka. Kwa hiyo nimepanga kwa swali hilo moja: naitengeneza mwenyewe nyumbani kwa gundi ya duka la Mangi, au nakaa miezi miwili nasubiri spea?

Kabla ya ndege zenyewe, herufi za kwenye boksi, maana hapa ndipo hela nyingi zinapotea. RTF maana yake kila kitu kimo, ndege, rimoti, betri na chaja. BNF haina rimoti, risiva (kifaa cha kwenye ndege kinachopokea amri za rimoti) imo ndani lakini inaongea na rimoti za aina fulani tu, mara nyingi za kampuni ya Spektrum. PNP ina mota na servo (vimota vidogo vinavyosogeza vipande vya bawa na mkia), ila rimoti, risiva na kwa kawaida hata betri unatafuta mwenyewe. Kit ni vipande tu unaunga. Mtu anaona PNP bei chini anashangilia, mzigo ukifika hana cha kuirushia.

Halafu rimoti. Ushauri wangu ukiweza nunua rimoti nzuri yako kwanza, kwa sababu ndege utabadilisha nyingi lakini rimoti moja utakaa nayo miaka. FlySky FS-i6 ni ya siku nyingi, chaneli 6, inatumia betri nne za kawaida za AA, inauzwa kama dola 50 hivi pamoja na risiva na inatosha kabisa kwa anayeanza. Mimi kwa sasa ningechukua RadioMaster Pocket, kama dola 65, ndogo, inatumia programu ya EdgeTX, na ukichukua toleo la ExpressLRS (aina ya mawasiliano ya redio) unapata mawasiliano ya mbali sana na risiva zake ni za bei poa. Betri zake mbili za lithiamu za saizi ya 18650 haziji nazo, zitafute mapema. Kitu kingine kizuri, unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB inakuwa rimoti ya simuleta (programu ya kujifunzia kurusha kwenye skrini), na simuleta ya PicaSim ni ya bure. Kaa nayo wiki kadhaa wakati mzigo uko njiani. Kinachowashinda wengi sio kupaa, ni ndege ikigeuka inakuja kwako, kulia inakuwa kushoto na vidole vinachanganyikiwa. Dawa yake ni moja, bawa lililoshuka lifuate, sukuma kijiti upande ule ule bawa lilipolalia na ndege inanyooka. Ukiagiza chagua Mode 2, ile throto (ya kuongeza na kupunguza nguvu ya mota) inakaa kushoto, maana ndiyo wengi wanatumia na video nyingi za mafunzo ni za hiyo.

Namba 1: foamu yenye mota nyuma

Hapa namaanisha ndege za ukoo wa EasyStar ya Multiplex, Wajerumani hao, halafu zikaja Bixler za HobbyKing, Ranger za Volantex, na AeroScout ya HobbyZone. Bawa liko juu, mota iko juu au nyuma ya bawa inasukuma badala ya kuvuta. Kwa nini naiweka juu ya zote? Ikipiga pua chini, na kinachogonga mara nyingi ni pua, propela na mota haviguswi kabisa. Kwenye ndege ya mota mbele kila ukianguka unavunja propela, na siku mbaya shafti ya mota inapinda na siku imeisha hapo. Hizi unazirusha kwa mkono na unatua kwa tumbo kwenye nyasi za uwanja wa mpira wa shule, huhitaji njia ya lami.

Na foamu yake, EPO, inasamehe. Supa gluu ya kawaida inashika vizuri, dakika chache umemaliza (lile foamu jeupe linalokuja na friji mpya ni tofauti, supa gluu inalila, usichanganye). Pua ikibonyea mwagia maji ya moto pole pole uone inavyojirudisha, sio mpya lakini umbo linarudi. Kuna ndege za namna hii zimeshaunganishwa mpaka huoni rangi na bado zinaruka vilevile.

Kama hela ipo chukua AeroScout RTF, ni zaidi ya dola 200 lakini bawa la karibu mita 1.1 na ndani kuna jairo (kifaa kinachoituliza ndege ikiyumba) yenye modi ya wanaoanza, ukiachia vijiti inajinyoosha yenyewe, na ina matairi pia. Hela ikiwa ya mawazo chukua Bixler au Ranger ya PNP uweke risiva yako, bawa la mita 1.4 na kuendelea, haina jairo lakini kwa umbo lake inatulia yenyewe, na zinateleza vizuri kuliko AeroScout, hizi ndizo utakazokaa nazo na mwewe. Mlioko Mbeya, Iringa, Arusha au Nairobi hili liwe na uzito zaidi, kwenye mita 1,700 hewa imepungua kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar, propela inasukuma kidogo na ndege lazima ikimbie zaidi ndipo ibebwe, kwa hiyo bawa kubwa na uzito mdogo, na achana na tabia ya kuijazia betri kubwa eti ikae sana.

Namba 2: ya kukata mwenyewe kwenye fomu bodi

Najua wengi walitegemea niiweke mwisho kama kitu cha wasio na hela, hapana, kwa wenye subira hii inagombania namba moja na kwa shule au kikundi cha vijana ndiyo namba moja moja kwa moja. Jamaa wa Flite Test wa Ohio kule Marekani wanatoa ramani za bure, unaprinti, unaunganisha karatasi, unakata bodi za stationery kwa wembe na kuunga kwa gundi ya moto. Anza na Tiny Trainer, ramani yake ina mabawa ya aina mbili, moja la kujifunzia lisilo na ailironi (vipande vya nyuma ya bawa vya kuilaza ndege upande) na lingine la ukishakomaa. Unachoagiza nje ni vitu vidogo tu, mota, ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota), servo, risiva na propela, vyote vinaingia kwenye kifurushi kidogo, na ndege ikiharibika unahamisha vyote kwenye mwili mpya uliokata jioni moja. Hakuna spea ya kusubiri. Na ukishaijenga mwenyewe unaelewa kila waya unaenda wapi, ikigoma kiwanjani unajua pa kuangalia.

Shida zake ni mbili. Bodi za kwetu nyingi ni nzito kuliko zile za Marekani ambazo ramani zilipimiwa, kwa hiyo bandua karatasi upande mmoja sehemu ambazo hazibebi mzigo. Na karatasi inakunywa maji, asubuhi nyasi zina umande na Dar unyevu ni wa mwaka mzima, pakaza vanishi nyepesi kabla hujairusha. Halafu balansi, weka vidole viwili chini ya bawa pale ramani ilipoweka alama, ndege ikae sawa au pua ishuke kidogo, ikishuka mkia sogeza betri mbele, usiirushe kabisa ikiwa mkia mzito, hiyo hairekebishiki kwa rimoti.

Namba 3: vidogo vyenye jairo

Volantex Sport Cub ya milimita 500 ndiyo mfano mzuri, kila kitu kwenye boksi moja, mara nyingi chini ya dola 120, inaingia kwenye begi la mgongoni na uwanja wa basketi unatosha kuirusha. Kwa uzito wake hata ikianguka haina nguvu ya kujiumiza sana. Kwa zawadi ya mtoto wa miaka kumi na kitu anayesimamiwa sina pingamizi kabisa. Tatizo ni upepo. Kama watoto wa mtaani wanarusha tiara na zinapanda bila kukimbia, basi upepo huo umeshakizidi hicho kidege, kirudishe ndani. Na jairo inakubeba sana, ukihamia kwenye ndege isiyonayo unaanza upya, kwa hiyo mapema zoea kuihamisha kwenye modi ya kati halafu uizime.

Namba 4: treina kubwa, Apprentice na wenzake

Apprentice STS ya mita 1.5 ni ndege ya kujifunzia safi sana, inapaa na kutua kwa matairi kama Cessna, inaonekana mbali, haitikisiki na upepo mdogo. Ingekuwa naandika kwa walioko Ulaya au Marekani ningeipandisha mpaka namba mbili. Huku inashuka kwa sababu inataka njia safi ya kutua, mota iko mbele, na kuisafirisha ni ghali. Makampuni ya kusafirisha kwa ndege yanachaji kwa ukubwa wa boksi sio kwa kilo peke yake, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita gawanya kwa 5,000, sasa boksi la 110 kwa 35 kwa 25 linahesabiwa kama kilo 19 na kitu hata kama ndani kuna kilo tatu. Ukipata mtu anayekuja na kontena, au unaagiza kwa meli na huna haraka, endelea.

Za kuachana nazo kwa sasa

Spitfire, Mustang, jeti za feni, zote. Ni nzuri, nazipenda, ila bawa dogo kwa uzito wake, zinatua mbio, ukipunguza mwendo kidogo bawa moja linaacha kubeba na inajipindua karibu na ardhi. Iwe ya tatu au ya nne. Za mafuta ya nitro na mbao za balsa pia, mafuta yenyewe ni shughuli kuyapata.

Betri na mzigo

Betri za LiPo, yaani hizi za lithiamu zinazotumika kwenye ndege, ndizo zinakwamisha mizigo mingi. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazotumwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, ndio maana mawakala wa Guangzhou wengi wanazikataa au wanakwambia subiri meli. Abiria anaruhusiwa kubeba za akiba kwenye begi la mkononi, sio la chini, kila moja isizidi wati-saa 100, na betri ya kawaida ya seli 3 ya mAh 2,200 ni kama 24 tu. Kwa hiyo ukiwa na ndugu anayesafiri mwombe akuletee mbili tatu, azibe plagi kwa tepu. Chagua plagi ya aina moja, XT60 iko kila mahali, na vifaa vyote vifuate hiyo.

Chaja iwe ya kubalansi seli, na itafute inayokubali pia volti 12 za betri ya gari, umeme ukikatika au uko kiwanjani unaendelea. Seli ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.5, na kama huruki wiki nzima iache kwenye 3.8. Isichajiwe ukiwa umelala. Ikivimba imekwisha, hata kama bado inazungusha mota.

Pa kurushia

Pwani kusi ikishika, tuseme Mei mpaka Septemba, mchana sahau, ruka saa 12 asubuhi mpaka saa mbili na nusu hivi, hewa imelala na hata kunguru hawajaamka vizuri (kunguru wa Dar wanaifukuza ndege kweli, wakija wengi panda juu, wao kupanda kwa kasi hawawezi). Waliokaa Kipawa, Ukonga na Gongo la Mboto mko karibu mno na uwanja wa Julius Nyerere, nendeni mbali kabisa. Na kabla hujaagiza waulize mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA ukiwa Tanzania au KCAA ukiwa Kenya, ambako kuna kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani, uliza kabla ya kulipia sio boksi likiwa limeshafika forodha, na ya kamera ndiyo usicheze nayo. Mlioko Marekani ndege ikizidi gramu 250 mnasajili FAA (mamlaka ya anga ya huko), dola 5 kwa miaka mitatu, na mtihani wa usalama wa TRUST ni bure.

Basi kama una dola 250 hivi mkononi na unaniuliza mimi, ni Pocket ya ExpressLRS, Bixler au Ranger ya PNP, risiva moja, betri mbili za seli 3, chaja ya kubalansi, na kitakachobaki weka kwenye propela za akiba, chukua hata tano. Ukiona hazitoshi kata ndege, weka fomu bodi, rimoti usiiguse.